Arusi Haipambwi kwa Maua Yasiyonukia

Katika mambo yote ambayo kamati za arusi hukutana usiku kuyajadili, tangu idadi ya wageni na kodi ya ukumbi hata aina ya wali na rangi ya vitambaa vya meza, hakuna linaloamuliwa kwa haraka na kwa fikira chache kama suala la maua. Kwani mpambaji akiulizwa kama atatumia maua mabichi au ya bandia, naye akajibu kwamba ya bandia ni nafuu, hayanyauki, na pichani hayatofautiani na yale mabichi, mwenyekiti huafiki, katibu huandika, na mazungumzo huhamia kwenye vinywaji. Mimi naona kwamba jambo hili lastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ya hivyo, maana ndani yake mna swali la asili, nalo ni kwamba ua hutafutwa arusini kwa muradi gani. Na mwenye kulijibu swali hilo kwa insafu ataona kuwa jibu la kamati, ingawa lina hoja, limeiacha nje sehemu iliyo bora ya jambo lenyewe. Rai yangu naitoa bayana tangu sasa, ili msomaji ajue anakopelekwa: ua lolote linalogusa mwili wa mtu siku ya arusi, likiwa kichwani, kifuani au mkononi, na ua linalotandazwa kitandani mwa maarusi, sharti liwe ua lililokuwa mtini siku ile au jana yake, tena lenye harufu, na lile linalowekwa mbali na watu, juu ya nguzo na darini, likilazimu kuwa la bandia, basi liwe la kukodi lililokwisha kutumika, wala lisinunuliwe jipya kwa ajili ya usiku mmoja.

Watu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa na kutoka Unguja hadi Ngazija, tangu zamani hawakulichukua ua la arusi kuwa kitu cha kutazamwa kwanza. Bi arusi alisingwa na somo wake kwa siku kadhaa kwa singo iliyochanganywa na liwa, nguo zake zikafukizwa udi, nywele zake zikapachikwa asumini, na kifuani akatiwa kikuba cha mkadi, mrehani, asumini na waridi vilivyofungwa pamoja kwa uzi, hata aliyeingia chumbani mwake akajua kuwa hapa pana arusi kabla jicho lake halijauzoea mwanga hafifu wa ndani. Kila ua katika hayo, na katika mengine yaliyoambatana nayo kama kilua na langilangi, lilikuwa na asili yake na cheo chake. Kilua hutoka katika mti umeao kwa asili katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, alipouingiza mti huo katika maandishi ya elimu yake mwaka 1970, aliuacha na jina lake la pwani, Mkilua, likajulikana hivyo kwa wataalamu wa dunia nzima. Langilangi ilitoka Asia ikastawi katika visiwa vya Komoro, vikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta yake, ambayo watengenezaji wa manukato wa Ufaransa huyathamini mno. Waridi la Jabal al-Akhdhar nchini Oman, nchi iliyofungamana na Unguja kwa ndoa, utawala na biashara, huchumwa alfajiri katika majuma machache ya mwaka na kukenekwa kuwa marashi, ambayo hata leo mwenye arusi huwanyunyizia wageni mikononi kwa mrashi. Haya yote yalikusanywa katika arusi moja, na lililoyaunganisha ni kunukia. Rangi ilikuja nyuma.

Zaidi ya harufu, ua bichi lilikuwa na amri ya wakati na amri ya jirani. Asumini yetu ina tabia ya kufunguka usiku, na kwa hiyo matumba yake huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, hutungwa kabla ya magharibi, na hufunguka yakiwa nyweleni mwa mwenye kuyavaa, wakati ule ule ambao sherehe imepamba moto. Kazi hiyo haiwezi kufanywa juma zima kabla, wala haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Kwa hiyo alasiri ya siku ya arusi shangazi na mawifi, wajukuu na majirani, hukaa mkekani wakalizunguka sinia la asumini, wakatunga na kuzungumza, na msichana mdogo akajifunza kwa kutazama namna ya kupitisha sindano pasipo kulichana ua, na bi arusi akapata kujua, kwa kuzitazama zile sindano nyingi zikifanya kazi kwa ajili yake, ni watu wangapi walio nyuma yake katika ndoa anayoiingia. Na pale ambapo aila haina mti wake uani, fedha ya asumini humwendea mama akaaye jioni katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa au vya Mji Mkongwe wa Unguja, akiuza makoja aliyoyatunga kwa maua ya bustani ndogo za pembezoni mwa mji. Fedha hiyo ni chache kwa mwenye arusi, lakini kwa yule mama ni unga na mafuta ya taa, tena hurudi mtaani ule ule ilikotoka.

Kilichoibadili hali hii si uovu wa mtu yeyote. Arusi ilitoka nyumbani na uani, mahali ambapo kuta ziko karibu na harufu hutua, ikahamia katika kumbi kubwa zenye dari refu na viyoyozi, ambamo mamia ya watu hukaa mbali na jukwaa la maarusi, na ambamo koja la asumini, hata likiwa bora namna gani, halimfikii mgeni wa meza ya nyuma. Ukumbi ukataka pambo la kuonekana kwa mbali, na baada ya ukumbi ikaja kamera, ambayo ndiyo siku hizi hakimu mkuu wa arusi zetu, kwa kuwa waliohudhuria ni wachache kuliko watakaoona picha katika simu zao kabla usiku haujaisha. Kamera haina pua. Mbele yake ua la plastiki na ua bichi huwa sawa, na pengine lile la plastiki hushinda, maana rangi yake ni kali na petali zake hazina doa. Hivyo ua limehama kutoka puani kwenda machoni, na kutoka machoni kwenda pichani, na katika safari hiyo limevuliwa kila lililokuwa nalo isipokuwa umbo.

Lakini mwandishi asiyesikiliza hoja za upande wa pili hana haki ya kuaminiwa, na wanaoyatetea maua ya bandia wanazo hoja zenye uzito. Husema kwanza kwamba joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa katika miezi ya kaskazi halina huruma, na kwamba waridi lililosafiri usiku kucha katika basi, kama lile litokalo Arusha hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, laweza kufika limeinamisha kichwa, mpambaji akabaki na hasara na aila ikabaki na fedheha. Husema pili kwamba ua la bandia hutumika mara nyingi, na hivyo gharama yake hugawanyika juu ya arusi nyingi, jambo ambalo kwa watu wanaooza kwa michango ya ndugu na wafanyakazi wenzao si dogo hata kidogo. Husema tatu kwamba wapo wenye pumu na wenye mzio, ambao harufu nzito huwadhuru. Hoja hizi ni za kweli, nami siziondoi kwa maneno ya dharau, wala siudharau ustadi wa kutengeneza maua kwa mkono, ambao una historia ya heshima. Mafundi wa Paris walikata hariri petali moja baada ya nyingine kwa subira kubwa, na katika karne ya 19 maarusi wa Ulaya walivaa mataji ya maua ya mchungwa yaliyofinyangwa kwa nta. Mwenye kuvaa kazi ya mkono wa namna hiyo amevaa jasho la fundi, na hilo lina utukufu wake.

Walakin, kinachoitwa ua la bandia katika kumbi zetu leo si hariri wala nta. Ni plastiki na poliesta, ambayo nayo ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi, imetoka kiwandani ng'ambo, aghalabu China, ikapakiwa makontena kwa makontena, na fundi aliyeitengeneza hatajwi na hakumbukwi. Na ile hoja ya kutumika mara nyingi, ambayo ndiyo nguzo ya hoja zote, husimama tu pale ambapo watu hukubali kweli kutumia kilichokwisha kutumika. Ila ada ya siku hizi ya kila arusi kuwa na rangi zake, mwaka huu zambarau na dhahabu, mwaka ujao kijani cha majani makavu, humlazimisha mpambaji kununua shehena mpya kila watu wanapobadili hamu, na zile za zamani, zikiwa zimefifia kwa jua na kushika vumbi lisilooshwa, hutupwa. Huko zinakotupwa haziozi. Zikichomwa hutoa moshi mbaya, na zikiachwa hupasuka vipande vidogo vidogo ambavyo mvua huvipeleka mtoni na baharini. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Raia wengi walitii, wakarudia vikapu vya ukindu na mifuko ya kitambaa, na pwani zetu zikapata nafuu. Si haki kwamba kile tulichokikataa sokoni, mahali pa shida na haraka, tukikaribishe kwa vigelegele arusini, mahali pa hiari na heshima. Tena iko hatari iliyo karibu zaidi, ambayo kila mpambaji mwaminifu anaijua: plastiki na poliesta huyeyuka na kushika moto, na arusi za pwani hazifanyiki pasipo chetezo chenye makaa na udi, wala za kanisani hazikosi mishumaa, na kuitia plastiki na moto katika chumba kimoja chenye mapazia na watu wengi ni jambo linalotaka tahadhari kubwa kuliko inayotolewa.

Hapa yafaa niseme, ili nisiwe nimetenda haki upande mmoja tu, kwamba si kila ua bichi lina fadhila ninazozisifu. Mashamba makubwa ya kando ya ziwa Naivasha, yaliyoifanya Kenya kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawaridi katika soko la Ulaya, hukuza waridi lililochaguliwa kizazi baada ya kizazi ili listahimili baridi ya ghala, ndege, na mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, na lidumu katika chombo cha maji kwa siku nyingi. Na katika kutafuta udumivu huo, harufu aghalabu imepotea. Mtu hulinunua shada la mawaridi hayo mekundu, akalisogeza puani kwa shauku, asipate kitu. Ua hilo ni hai na ni zuri, limewapa riziki maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, nami siwazuii watu kulinunua. Lakini anayedhani kwamba amelimaliza deni la arusi kwa kununua mabunda yake hajafika mbali na yule aliyekodi plastiki, kwa kuwa amechagua tena kwa jicho peke yake. Na ile sponji ya kijani ambamo wapambaji huchomeka mashina ili yasimame na yanywe maji, nayo ni plastiki, huchambuka ikawa unga usiooza, hata pambo la maua mabichi likaacha nyuma taka ile ile tuliyoikimbia.

Basi tufanyeje? Jibu langu ni kupunguza wingi na kuongeza ubora, na kuchagua ua la mahali na la majira badala ya ua lililoonekana katika picha ya arusi ya nchi nyingine. Aozaye Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa ana asumini, vilua, mikadi, mirehani na langilangi, na hana haja ya kuagiza. Aozaye Limuru au milima ya Usambara ana bustani za baridi ambamo mawaridi ya nyumbani, yale ya zamani yenye harufu, hustawi pasipo ghala wala barafu. Na wa Nairobi hawako mbali na wauzaji wa maua wa City Market, ambao ukiwaambia mapema unataka ua lenye kunukia watakutafutia. Mchango wa kamati uliokuwa ujaze nguzo kumi na mbili kwa plastiki, ukielekezwa kwa bi arusi, kwa somo wake, kwa mama wa pande mbili na kwa meza kuu peke yake, watosha kununua maua mabichi yaliyo bora na kubakiza. Nguzo nazo zivikwe makuti mabichi ya mnazi yaliyosukwa, ambayo wazee wetu walipambia milango ya arusi na sikukuu tangu enzi, nayo yakinyauka huenda shimoni yakawa mbolea.

Juu ya joto, elimu yake si ngumu, na wanaoshindwa nalo aghalabu wameshindwa na uzembe. Ua lichumwe au lipokewe jioni au alfajiri, shina likatwe mshazari kwa kisu kikali, majani yatakayozama majini yaondolewe ili maji yasioze, na ndoo iwekwe katika chumba chenye kivuli na upepo, mbali na ndizi na maembe yaivayo, kwa maana matunda yaivayo hutoa hewa iitwayo ethilini ambayo huyazeesha maua kabla ya wakati. Asumini zilizotungwa zifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba hata saa ya kuvaliwa. Mahali pa sponji ya kijani patumike kipande cha gogo la mgomba, ambalo limejaa maji kwa asili yake, hushika shina barabara, hupatikana karibu kila mtaa, na kesho yake huliwa na mbuzi. Na kwa wenye pumu, mwenye arusi mwenye adabu atawauliza walio karibu naye kabla, na akimkuta mwenye udhia huo atayaweka maua yanukiayo mbali na meza yake, au atachagua mabichi yasiyo na harufu nzito. Wala hilo halitoi ruhusa ya kuwanyima wengine wote.

Liko jambo moja tena, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Wengi wetu hatuchagui maua ya bandia kwa sababu ya umaskini. Twayachagua ili tuonekane kuwa tuna mengi. Mtu mwenye uwezo wa makoja matano ya asumini huona haya kuwa na matano, akakodi maua mia tano ya plastiki ili ukumbi ujae, na wageni wakapita wakisema kuwa aila hii ina jaha. Huo ni mwanzo wa riya, na riya ni ndugu wa israfu, na yote mawili yamewaingiza vijana wengi katika madeni ambayo huyalipa wakiwa tayari na mtoto wa kwanza mkononi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nao walikusudia kumwonya mtu asidanganywe na sura. Ndoa, ambayo msingi wake ni ukweli baina ya watu wawili, haifai kuanza kwa kuwadanganya wageni mlangoni. Ua dogo lenye kunukia humheshimu mgeni kuliko ua kubwa la kudanganya, na bwana arusi aliyetiwa kikuba kilichofungwa kwa mkono wa dada yake ana fahari ambayo fedha ya kukodi haiwezi kuileta. Na kwamba ua hili litanyauka kesho si aibu yake. Siku yenyewe hupita, na ua lililopita pamoja na siku limetimiza wajibu wake kwa uaminifu, ilhali lile linalobaki ghalani miaka saba, likihama kutoka arusi ya huyu kwenda ya yule, halikuwa la mtu yeyote.

Naziomba basi aila zinazoposa na kuposwa mwaka huu zifanye yafuatayo, ambayo hayahitaji utajiri. Siku posa inapokubaliwa, likatwe tawi la asumini kwa jirani mwenye mti, lipandwe uani au katika debe, maana asumini humea kwa tawi wala haitaki bustani kubwa. Na siku hiyo hiyo aulizwe bibi au shangazi ajuaye kutengeneza vikuba kama yu tayari kuwafundisha wasichana wawili, kwani elimu hiyo haimo katika kitabu cha shule yoyote na wenye kuijua wanapungua. Wapambaji wetu, ambao ni watu wa bidii na wenye jicho la uzuri, nao waandike katika makadirio yao bei ya maua mabichi ya majira kando ya bei ya kukodi ya bandia, ili kamati ichague kwa kujua. Na halmashauri za miji ya pwani, zinazopanda miti ya kivuli kandokando ya barabara, zipande pia milangilangi na mikadi panapofaa, ili mtoto wa mji ajue harufu za kwao kabla hajaolewa au kuoa. Kamati itakayokutana usiku wa leo iyajue haya kabla katibu hajaandika neno: bi arusi atavaa maua yaliyochumwa kwa ajili yake, na hesabu nyingine zote za mapambo zitapangwa baada ya hapo.